Barua za Bustani: Viazi Mviringo kwa Anayepanda kwa Mara ya Kwanza

Mvua zimeanza kushika katika nyanda za juu, na barua nyingi zilizofika katika safu hii mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu ambaye hajawahi kulima viazi mviringo aanzie wapi, akiwa na tuta moja au mawili tu nyuma ya nyumba yake. Nimezifupisha barua hizo bila kuzibadili maana. Wasomaji wanaoviita viazi ulaya, mbatata au waru wajue kwamba tunazungumzia zao lile lile.

Kabla ya kujibu barua ya kwanza, namwomba msomaji ashike jambo moja ambalo majibu yangu mengi yataliegemea. Kiazi mviringo si mzizi kama muhogo au kiazi kitamu. Ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na yale tunayoyaita macho ni mahali ambapo machipukizi ya shina hilo yamelala yakisubiri wakati wake. Kwa kuwa ni shina, kiazi hugeuka kijani kinapoona mwanga, huchipua kikiwa ghalani, na hubeba maradhi ya mmea kilikotoka hadi kwenye mmea kitakaouzaa.

Swali: Nimestaafu mwaka huu, na nina uwanja mdogo ambao zamani ulikuwa na migomba michache. Nataka tuta moja la kujifunzia. Nilitayarishe vipi, na nitahitaji mbegu kiasi gani? (Msomaji, Marangu)

Jibu: Hongera kwa kustaafu salama, mzee wangu, na umefanya vyema kuanza na tuta moja, kwa maana tuta moja unaweza kulitazama kila asubuhi, shina kwa shina, na hapo ndipo mtu hujifunza. Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Kama bado kuna migomba inayotia kivuli, sogea mbali nayo. Pima upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kwa mkono ukiwa umesimama njiani, pasipo kuukanyaga udongo ulioutifua. Lima kina cha sentimita 30, uondoe mawe, visiki vya migomba na mizizi yote ya sangari, kisha inua tuta liwe juu ya njia kwa sentimita 20 hivi ili maji ya mvua yasituame.

Udongo upimwe kwa mkono. Chukua udongo wenye unyevu kiasi cha kujaza kiganja, uufinye uwe donge, kisha uuguse kwa kidole gumba. Donge likimeguka vipande laini, udongo wako unafaa. Likibonyea na kubaki na alama ya kidole kama udongo wa mfinyanzi, ongeza mboji na ulime tena, kwa sababu kiazi kinachonenepa katika udongo mzito hutoka kimepinda na mara nyingi huoza kabla ya kuvunwa. Tandaza ndoo tatu kubwa za samadi iliyoiva, ile ambayo haina joto wala harufu kali, uichanganye na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza machipukizi na kuwavuta wadudu. Jivu la jikoni pia usilimwage kwa wingi kama wengi wanavyofanya, kwa sababu viazi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na jivu jingi huuondoa uchachu huo na kuleta ukurutu kwenye ngozi ya viazi.

Chora mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 60, na katika kila mstari chimba mashimo kila baada ya sentimita 30, yenye kina cha sentimita 10. Utapata mashimo 32 hivi, ambayo yatahitaji mbegu 32 (mbegu ya viazi ni kiazi chenyewe) zenye ukubwa wa yai la kuku, yaani kilo mbili au pungufu kidogo. Ukitumia mbolea ya DAP, visoda viwili vya kusawazisha kwa kila shimo vinatosha. Ifukie kwanza mbolea hiyo kwa udongo wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu juu yake, macho yakitazama juu. Chipukizi likigusana na mbolea kavu huungua.

Maji yawe ya wastani na yasiyokatika. Tuta lako lina mita 6 za mraba, na wiki isiyo na mvua litahitaji lita 150 hivi, yaani ndoo 7 au 8, zikigawanywa mara mbili au tatu. Wakati usiopaswa kukosa maji hata kidogo ni kuanzia wiki ya tano hadi maua yanapokwisha. Udongo ukikauka sana halafu ukaloweshwa ghafla, viazi hupasuka au huota vinundu.

Kuhusu mavuno, nusu kilo kwa kila shina ni matunda ya kazi iliyofanywa vizuri, kwa hiyo ukipata kilo 15 au 16 katika tuta lako usijione umeshindwa. Mashamba mengi ya wakulima wadogo katika Afrika Mashariki hutoa tani 10 au pungufu kwa hekta, ambayo ni sawa na kilo moja tu kwa kila mita ya mraba.

Swali: Nilinunua viazi sokoni kwa ajili ya chipsi, vingine vimeanza kuchipua jikoni. Je, siwezi kuvipanda hivyo hivyo badala ya kutafuta mbegu ya bei ghali? (Msomaji, Mafinga)

Jibu: Unaweza, dada yangu, na vitaota. Ila nakuomba usifanye hivyo, na nitakueleza kwa urefu, kwa kuwa naamini bustani nyingi za viazi huharibika ndani ya kikapu kabla jembe halijagusa ardhi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipanda matuta manne kwa viazi nilivyovinunua sokoni, nikavutwa na ukubwa wake na ngozi yake iliyokuwa iking'aa. Vilichipua kwa pamoja, vikafika kimo cha goti, na majirani wakaja kuvitazama. Kisha saa za mchana mashina yakaanza kulala, moja baada ya jingine, kama mimea iliyokosa maji, ilhali udongo ulikuwa umelowa. Jioni yalisimama tena kidogo, na baada ya siku chache hayakusimama. Nilivuna ndoo moja kutoka matuta manne, na nusu ya viazi vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vimeoza katikati. Ugonjwa ule, mnyauko bakteria, uliingia bustanini mwangu ukiwa ndani ya viazi ambavyo kwa macho vilikuwa vizima kabisa.

Hiyo ndiyo hatari ya kwanza. Ya pili ni ile ambayo wakulima wetu huieleza kwa kusema mbegu imechoka. Mbegu ya viazi haichoki kwa uzee. Kinachotokea ni kwamba kila msimu wadudu wadogo waitwao vidukari hunyonya utomvu wa mmea mgonjwa na kuhamishia virusi kwenye mmea mzima, virusi hivyo hushuka hadi kwenye viazi, na mtu anapopanda viazi vyake mwenyewe mwaka baada ya mwaka huwa anapanda na mzigo wa virusi unaozidi kukua. Majani hujikunja, mimea hudumaa, viazi huwa vidogo, na mwenye shamba hudhani udongo wake umekwisha nguvu.

Kwa hiyo tafuta mbegu iliyokaguliwa. Tanzania mbegu hizo hupewa lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na Kenya hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole kule Mbeya, pamoja na kile cha KALRO kilichopo Tigoni karibu na Limuru, vimefanya kazi ya viazi kwa miaka mingi, na bwana shamba wa kata yako anaweza kukuelekeza kwa wazalishaji wa mbegu walio karibu nawe. Kwa tuta moja unahitaji kilo mbili tu. Jiungeni majirani mnunue gunia moja mgawane.

Aina za viazi ni nyingi, na sipendi kumlazimisha mtu. Shangi hukomaa mapema, ndani ya miezi mitatu, na huiva haraka jikoni, ila huchipua upesi mno ikiwa ghalani. Asante na Sherekea hustahimili bakajani, ugonjwa wa mabaka meusi ya majani, vizuri zaidi, jambo ambalo ni faraja kwa anayeanza. Dutch Robijn, yenye ngozi nyekundu, hupendwa na watengenezaji wa krispi, lakini kwa mtu wa tuta moja haina sababu ya kutangulizwa.

Ukishaipata mbegu, iangalie moja moja. Iwe ngumu inapobonyezwa, isiwe na kidonda, na udongo usiwe umegandamana kwenye macho yake, kwani udongo ulionata machoni huenda umeshikwa na ute wa bakteria unaotoka ndani. Mbegu ya ukubwa wa yai ipandwe nzima. Kukata mbegu kubwa vipande vyenye macho mawili au matatu kunawezekana, lakini mahali penye mnyauko mimi sishauri kabisa, kwa kuwa kisu kimoja kilichopita katika kiazi kigonjwa kinaweza kuambukiza vyote vinavyofuata.

Na usinunue mbegu upya kila msimu. Mimea yako inapoanza kutoa maua, pita katikati ya tuta, chagua mashina yaliyo bora kuliko yote, yenye majani ya kijani kibichi yasiyo na mabaka wala mikunjo, uchomeke kijiti kando ya kila moja. Baada ya wiki mbili pita tena, ung'oe kijiti pale ambapo mmea umeonyesha dalili ya ugonjwa. Wakati wa kuvuna, mashina yenye vijiti yachimbwe kwanza na kila moja litazamwe peke yake. Yaliyozaa viazi vingi, vizuri na vizima ndiyo yatakayokupa mbegu ya msimu ujao. Kazi hii haigharimu chochote isipokuwa macho yako.

Swali: Nimepata mbegu nzuri kutoka kwa mkulima aliyevuna wiki mbili zilizopita. Mvua zimefika nami nina haraka, lakini hazina hata chipukizi moja. (Msomaji, Limuru)

Jibu: Kiazi kilichotoka ardhini huwa katika usingizi, na aina nyingi hulala miezi miwili hadi mitatu hata ukizipa maji na joto. Ukizipanda sasa zitakaa chini bila kuota, na katika udongo wenye mvua nyingi zitaanza kuoza. Tandaza mbegu zako kwenye gunia mahali pa joto, uzifunike kwa nyasi kavu hadi macho yaanze kuvimba, kisha uzihamishie mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, kama vile barazani au chini ya paa la banda lenye uwazi. Zipange safu mbili au tatu, zisirundikwe.

Mwanga huo ndio siri ya chipukizi imara. Kiazi kilichochipua gizani hutoa mkia mweupe, mrefu, unaokatika ukiugusa tu, wakati kile kilichochipua penye mwanga hutoa kichipukizi kifupi, kinene, chenye rangi ya zambarau au kijani, ambacho hakidondoki hata ukikitia mfukoni. Urefu wa sentimita moja hadi mbili unatosha kupandwa. Ukiona chipukizi moja tu kwenye ncha ya kiazi, livunje, na macho mengine yataamka. Mmea wenye mashina matatu au manne huzaa viazi vingi kuliko wenye shina moja.

Swali: Shikamoo, Bwana Shamba. Mimi ni mwanafunzi, na viazi vyangu vimefika kimo cha shibiri. Baba anasema nipandishie udongo, jirani anasema nikifukia majani mmea utakufa. Tena nimesikia kwamba ukipanda kwenye gunia na kuongeza udongo kila wiki, viazi hujaa hadi juu. Nimfuate nani? (Msomaji, Lushoto)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mfuate baba yako, na usimkasirikie jirani, kwa sababu ana sehemu ya ukweli.

Chagua shina moja la pembeni katika wiki ya sita, ufukue udongo taratibu kwa vidole, bila jembe. Utaona kwamba kwenye sehemu ya shina iliyofunikwa, juu ya ile mbegu uliyoipanda, kumeota vijishina vyembamba vyeupe vinavyotambaa kwa upande kama uzi mnene. Ncha ya kila kimoja imejikunja kidogo kama ndoano, na baadhi zimeanza kuvimba, zikiwa na ukubwa wa punje ya pilipili manga. Hizo ndizo zitakuwa viazi vyako. Ukishaviona, rudisha udongo kwa upole.

Sasa utaelewa. Viazi huota juu na kandoni mwa mbegu, wala si chini yake. Kama udongo uliopo hapo ni mchache, vijishina vitatokeza nje, na badala ya kuvimba vitageuka kuwa matawi yenye majani. Na viazi vilivyokwisha kuvimba vitachomoza vione jua. Kwa hiyo pandishia udongo sasa, mimea ikiwa na kimo cha shibiri, na urudie baada ya wiki mbili au tatu kabla majani ya mistari miwili hayajakutana, hadi kila mstari uwe na mgongo wa sentimita 25 hivi. Majani ya chini yakifukiwa si neno, lakini usifukie kilele cha mmea. Hapo ndipo jirani yako ana haki. Chota udongo kutoka njiani, si karibu na mashina, kwa maana mizizi ya viazi iko juujuu na jembe huikata upesi. Fanya kazi hiyo udongo ukiwa na unyevu, usiwe tope. Ukipungukiwa na udongo, ongeza mboji, kisha funika mgongo wa tuta kwa nyasi kavu.

Kuhusu gunia, viazi huota vizuri ndani yake ikiwa maji hayatuami. Hata hivyo, aina nyingi huzaa viazi katika tabaka moja tu la karibu na mbegu, na huwezi kupata ghorofa za viazi kwa kuongeza udongo kila wiki. Jaza gunia hadi nusu, panda mbegu mbili au tatu, ongeza udongo mara mbili kama katika tuta, inatosha.

Swali: Baadhi ya viazi tulivyovuna vina kijani upande mmoja. Watoto wanavitaka. Je, nikivimenya na kuvikaanga vizuri vina madhara? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Jibu: Mama, rangi ya kijani yenyewe ni ile ile ya majani na haina ubaya. Ubaya wake ni kwamba mwanga ulioileta umeongeza pia sumu iitwayo solanini, ambayo haionekani na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Sumu hiyo huleta kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha, na kiasi kinachomdhuru mtoto ni kidogo kuliko kile kinachomdhuru mtu mzima. Ikiwa ni doa dogo, menya kwa kina na ukate sehemu yote iliyo karibu nalo, pamoja na macho yaliyochipua. Ikiwa kijani kimeenea, au kiazi kikiwa na uchungu mdomoni, kitupe bila kukionea huruma. Vile vitunda vya kijani vinavyotokea baada ya maua, vinavyofanana na nyanya ndogo, vina sumu hiyo hiyo, na watoto wakatazwe kuvichezea.

Swali: Viazi vyangu vinanyauka mchana, wengine wanasema ni kiu, wengine wanasema ni ugonjwa. Nitajuaje? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Kipimo chake unacho jikoni kwako. Chukua glasi safi isiyo na rangi, uijaze maji safi. Kata shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, kipande chenye urefu wa kidole, ukishike au ukifunge kwa uzi ili kining'inie, ncha yake ya chini ikiwa imezama kidogo ndani ya maji. Usiitikise glasi. Isogeze mahali penye mwanga utazame kwa dakika chache. Kama ni mnyauko bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye shina. Maji yakibaki safi, tafuta sababu nyingine: kiu, mizizi iliyokatwa na jembe, au viwavi waitwao sota waliotafuna shina usiku. Ukikata kiazi cha mmea huo mgonjwa, utakuta duara la rangi ya hudhurungi ndani ya ngozi, na ukikibinya hutoa ute mweupe.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kupulizia, na anayekuuzia dawa ya kuuponya anakula fedha yako. Chimba mmea mgonjwa pamoja na viazi vyake vyote na udongo unaouzunguka, uutie kwenye mfuko, ukaufukie kwenye shimo refu mbali na bustani na mbali na njia ya maji. Usiutupe kwenye lundo la mboji, na usiwape majirani viazi vya tuta hilo kuwa mbegu. Osha jembe na viatu kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo kabla ya kuingia tuta jingine. Ukiwa kwenye mteremko, chunguza maji ya mvua yanaelekea wapi, kwa maana hubeba bakteria kwenda matuta ya chini.

Baada ya hapo tuta hilo lipumzike na jamii yote ya viazi kwa misimu mingi, isiyopungua miaka mitatu: usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala mnavu. Panda mahindi, vitunguu, kabichi au maharage. Na mnavu unaojiotea wenyewe ung'olewe, kwani huweza kuuhifadhi ugonjwa pasipo kuonyesha dalili yoyote.

Swali: Baridi na ukungu vimekuja, na majani yameanza kupata mabaka meusi yanayoonekana kama yamemwagiwa maji ya moto. (Msomaji, Nyandarua)

Jibu: Nenda bustanini asubuhi kabla umande haujakauka, ugeuze jani lenye baka. Ukiona utando mweupe kama unga kwenye ukingo wa baka upande wa chini, hiyo ni bakajani chelewa, na hupaswi kungoja hadi kesho. Ugonjwa huu ndio uliofuta viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, kwa sababu katika hali ya ubaridi na unyevu huweza kumaliza shamba zima ndani ya siku chache.

Kata majani na mashina yaliyoshikwa uyatoe nje ya bustani. Dawa zenye mankozebu hukinga jani ambalo bado ni zima, kwa hiyo hupuliziwa kabla ya ugonjwa kuingia. Zenye metalaksili huingia ndani ya mmea na hutumika dalili zinapoanza, lakini zisirudiwe mfululizo, kwa kuwa vimelea huzizoea. Soma lebo, vaa glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na uheshimu idadi ya siku zilizoandikwa kati ya kupulizia na kuvuna. Kwa msimu ujao, mwagilia chini ya mmea na si juu ya majani, fanya hivyo asubuhi, na usibane nafasi ili upate mbegu nyingi zaidi katika tuta. Udongo uliopandishwa vizuri pia ni kinga, kwani huzuia vijidudu vinavyosombwa na mvua kutoka majanini visifike kwenye viazi.

Swali: Huku kwetu mbatata tunazila kila siku kwenye urojo, lakini zote zinatoka bara. Je, siwezi kupanda zangu mwenyewe? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Ndugu yangu, ningependa kukupa jibu la kukufurahisha, lakini kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes huko Peru na Bolivia, na hadi leo hudai usiku wa baridi. Huzaa vizuri kukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20, na udongo ukipita nyuzi 30 huacha kabisa kuunda viazi. Kwa sababu hiyo zao hili limeshika Njombe, Mbeya, Lushoto, Nyandarua, Kabale na Musanze, halikushika pwani. Ukipanda Unguja utapata majani mazuri na viazi vya kuhesabu kwa vidole. Ukitaka kujaribu kwa ajili ya kujifunza, panda mashina machache mwanzoni mwa Juni ili yakue wakati wa kipupwe, uyafunike kwa matandazo mazito ya nyasi, na utafute aina inayovumilia joto kama Unica. Lakini tuta lako kubwa lipe viazi vitamu, ambavyo hewa yenu inavifaa, na matembele yake utayachuma kwa miezi mingi.

Swali: Nitajuaje kwamba viazi vimekomaa, na nivihifadhi vipi? Halafu nipande nini baada ya hapo? (Msomaji, Marangu, yule yule wa barua ya kwanza)

Jibu: Majani yakianza kuwa manjano na kulala yenyewe, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na minne tangu kupanda, chimba shina moja usugue kiazi kwa kidole gumba. Ngozi ikichubuka, bado. Ngozi ikishikilia, kata mashina yote usawa wa ardhi, uache viazi chini kwa siku 10 hadi 14 ili ngozi ikaze, kisha chimba siku ya jua ukitumia jembe la uma kutoka pembeni ya mgongo. Viache vikauke kivulini saa chache, usivioshe, na vilivyokatwa na jembe vipelekwe jikoni siku hiyo hiyo. Vya kula vihifadhiwe gizani, mahali pakavu penye hewa. Vya mbegu vikae penye mwanga, na hapo kijani hakidhuru kitu, mradi visichanganywe na vya kula.

Katika tuta hilo panda maharage, kisha vitunguu au kabichi, ndipo urudi kwenye viazi. Baada ya mvua za kwanza utaona maotea ya viazi vilivyosahaulika yakichomoza katikati ya maharage, nayo yatakuwa na afya ya kutamanisha. Yang'oe yote pamoja na viazi vyake, hata yale yaliyokwisha kutoa maua, kwani huenda yamebeba maradhi ya msimu uliopita.